Fedha ya Jina Gani? Kufafanua Ukarimu wa Kila Siku

Miaka michache iliyopita nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, hapa Ngamiani mjini Tanga, na kwa miezi mitatu kazi yangu yote ilikaa ndani ya kaunta buku moja yenye jalada jeusi. Kurasa zake nilizichora kwa rula, safu nne: jina, ahadi, alichotoa, baki. Siku mbili kabla ya harusi alikuja mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akiikokota baiskeli yake kwa mkono mmoja. Alitoa kwenye mfuko wa shati noti tatu za elfu kumi zilizokunjwa mara nne, akaniwekea kiganjani, kisha akakifumba kiganja changu kwa vidole vyake mwenyewe. Nilipofungua kaunta buku alinishika mkono. "Mimi usiniandike, mwanangu. Hii nimempa mtoto." Nikamwitikia, "Naam, mzee, Mwenyezi Mungu akulipe," na alipokwisha kukata kona nikamwandika, kwa kuwa mwenyekiti wetu alikuwa ametuagiza kwamba isiingie hata shilingi moja bila jina la mtu.

Nilidhani nimefanya uaminifu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa kalamu ile nilikuwa nimeigeuza fedha ya mzee ikawa fedha ya aina nyingine, na kwamba kugeuza kwa namna hiyo ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya manung'uniko tunayoyasikia kuhusu nani mkarimu na nani ana mkono wa birika. Tunauzungumzia ukarimu kana kwamba ni kitu kimoja kinachopimwa kwa wingi wake, aliyetoa elfu hamsini akawa mkarimu kuliko aliyetoa elfu tano, ilhali fedha inayotoka mkono mmoja kwenda mwingine katika mji kama huu hutoka kwa majina mengi, na kila jina lina sheria yake. Lipo jina linalodai kurudishiwa na lipo linaloona kurudishiwa ni tusi. Lipo linalotaka mashahidi na lipo linalowakimbia. Ugomvi huanza pale mtoaji anapotoa kwa jina moja na mpokeaji akapokea kwa jina jingine, na kila mmoja akalala akijiona amedhulumiwa.

Jina lililo wazi kuliko yote ni zaka, na kwa sababu ya uwazi wake halina ugomvi mwingi. Kwa Mwislamu, mali ya fedha taslimu iliyofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za madini ya fedha kwa hesabu inayofuatwa na wanazuoni wengi wa leo, ikikaa mkononi mwake mwaka mzima wa Kiislamu, hutolewa asilimia 2.5, ambayo ni shilingi 25 katika kila 1,000. Wanaostahiki kupewa wametajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, nao ni mafungu manane, wakiwamo mafukara, masikini, wenye madeni na msafiri aliyeishiwa njiani. Makanisani neno hilohilo hutumika kwa fungu la kumi, hivyo majirani wawili wa Chumbageni, mmoja wa msikitini na mwingine wa kanisani, wanaweza kusema "nimetoa zaka" wakamaanisha hesabu mbili zisizofanana hata kidogo. Kwa mada yetu lililo muhimu ni kwamba zaka si hisani. Ni haki ya mwingine iliyokaa ndani ya mali yako, na ndiyo maana anayeitoa hana sababu ya kungojea shukrani, wala anayeipokea hajafadhiliwa. Zaka ya fitri nayo ni hivyohivyo: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumbani, hata kichwa cha mtoto aliyezaliwa jana, na itoke kabla ya sala ya Idi. Hakuna anayesifiwa kwa kuitoa.

Sadaka ni mlango mwingine. Ukipita Ijumaa asubuhi katika barabara za Ngamiani, zile zinazoitwa kwa namba, utawaona wazee, vipofu na walemavu wakienda duka kwa duka. Namfahamu mwenye duka mmoja ambaye kila Alhamisi jioni huchagua sarafu za mia na za mia mbili kutoka kwenye droo, akazitia katika kopo tupu la maziwa ya unga na kuliweka kando ya mizani. Siku moja nilikaa dukani mwake asubuhi nzima nikimsubiri fundi, nikawa naangalia. Hakuuliza mtu yeyote ametoka wapi wala hakutazama kama aliyepewa anarudi mara ya pili. Alipokuja bibi kipofu akiongozwa na mjukuu wake, alitia sarafu moja katika kiganja cha bibi na nyingine katika kiganja cha mtoto, akaendelea kupima sukari. Bibi akasema, "Mola akuzidishie," naye akasema, "Amina," basi. Fedha hiyo humalizikia palepale kwenye kaunta. Haina kesho, na ukimuuliza mwenye duka Ijumaa hiyo alitoa kiasi gani hana jibu, kwa sababu anachokijua ni kwamba kopo lilijaa na sasa ni tupu.

Sadaka ina adui mmoja mkubwa, na adui huyo si uchache. Sura ya al-Baqara, katika aya ya 264, inaonya kwamba sadaka huharibika kwa masimango na maudhi, na aya ya 271 ya sura hiyohiyo inaeleza kwamba kutoa kwa dhahiri ni vyema lakini kumpa fukara kwa siri ni bora zaidi. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, wasikilizaji wanaambiwa kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Mimi huvutiwa na jambo dogo la lugha hapa: Kiswahili kina kitenzi kizima, kusimanga, kwa ajili ya kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili umuumize nao. Lugha haijipi tabu ya kuunda neno kwa ugonjwa ambao haujawahi kuingia nyumbani.

Sasa tuje kwenye mchango, maana hapa ndipo mambo yanapochanganyika. Harusi ikishatangazwa huundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hukutana Jumapili alasiri, na wajumbe hutaja ahadi zao mbele za watu. Ahadi huandikwa. Kisha huanza "kupunguza": leo elfu ishirini, wiki ijayo elfu kumi, mpaka baki iwe sifuri. Siku hizi orodha hubandikwa katika kundi la WhatsApp, majina yamepangwa kwa namba, aliyemaliza kawekewa alama ya vyema na asiyemaliza kaachwa na tarakimu yake peke yake mbele ya watu mia mbili. Kadi za mwaliko nazo hufuata kiwango, ya mtu mmoja kwa kiasi fulani na ya watu wawili kwa kiasi kingine. Katika shughuli za wanawake wenyewe kwa wenyewe hesabu ni ya ndani zaidi: aliyekutunza doti ya kanga siku yako, siku yake utamrudishia doti na kitu juu, na ukirudisha pungufu habari itafika Mikanjuni kabla hujafika nyumbani.

Wapo wanaoudharau utaratibu huu, wakisema ni biashara iliyovikwa shela. Mimi sikubaliani nao, ingawa nina malalamiko yangu. Aliyechangia harusi kumi na misiba kumi ameweka akiba mahali ishirini, na akiba hiyo itarudi siku binti yake akiposwa au siku nyumba yake ikipatwa na msiba. Upatu una zamu zinazojulikana: kijumbe anakusanya, leo anapokea fulani, mwezi ujao fulani, na kila mmoja anajua lini atashika mkupuo wake. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vina hisa, mikopo na mfuko wa jamii wa kusaidiana, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua kwa kuviweka katika daraja la nne la watoa huduma. Mchango hauna zamu. Mauti hayaandiki tarehe ukutani, wala mchumba haji kwa ratiba, kwa hiyo kilichojengwa hapa kinakaribia zaidi kuwa bima kuliko kuwa zawadi, na daftari lake ni la lazima kama lilivyo daftari la bima yoyote. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hakuna aibu katika methali hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyowaoza wengi na kuwazika wengi zaidi.

Kasoro ni kuuita ukarimu. Mtu aliyechangiwa laki moja miaka mitano iliyopita na leo akatoa elfu thelathini hajawa bahili, amelipa deni pungufu, na mwenziwe anayo haki ya kusikitika. Lakini mtu ambaye hukuwahi kumchangia, ukampelekea kadi na kumtumia ukumbusho kila asubuhi, akitoa elfu tano amekupa elfu tano nzima. Namkumbuka mama mmoja mjane asiye na mtoto, ambaye jina lake lilikuwamo katika kila daftari la mtaa wetu kwa miaka mingi, kila mara elfu kumi, kila mara ikiwa imemalizwa kabla ya kikao cha pili. Hakuwa na harusi ya kurudishiwa. Katika safu zangu nne alionekana mchangiaji mdogo kuliko wote, ilhali kwa hesabu ya ukarimu huenda ndiye aliyekuwa peke yake. Kamati nyingi siku hizi huweka kiwango cha chini cha mchango, na kiwango hicho, nasema kwa masikitiko, kinamfungia nje mtu kama yule. Waliosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hawakuwa wameona kadi yenye bei.

Kuna pia fedha inayotaka kuonekana, na si haki kuihukumu yote kuwa ni majivuno. Katika taarabu mtu huinuka kitini, akacheza taratibu mpaka mbele ya mwimbaji, akamtunza noti huku ukumbi mzima ukitazama, na wakati mwingine anayetunza anauchagua mstari wa kuinukia ili ujumbe umfikie mtu fulani aliyekaa meza ya pili. Mji uliozaa vikundi vya Black Star na Lucky Star unaijua lugha hiyo vizuri. Tuzo ni malipo ya sanaa, ni salamu, na mara nyingine ni kombora. Kitu pekee ambacho si chake ni siri. Wala mashindano ya kutoa hayakuanza na sisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya pwani, Tanga ikiwamo, ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, mashuhuri vikiwa Marini na Arinoti, vyenye sare na vyeo vya kuiga majeshi ya Wazungu, vikishindana kwa karamu na mavazi. Vyama hivyohivyo ndivyo vilivyomwangalia mwanachama akiugua na kumzika akifa, jambo lililokuwa na maana kubwa kwa watu waliofika mjini kutafuta kazi wakiwa hawana ndugu. Fahari na msaada vilitoka katika mfuko mmoja, na sijui kama mfuko huo ungejaa bila fahari.

Kinyume cha tuzo ni fedha inayojificha ndani ya jina dogo, na hapa ndipo ninapoona ustadi wa watu wetu ulipo. Ukienda kumtazama mzazi aliyejifungua, unapoaga unamwachia kitu ukisema ni ya sabuni. Mgeni anayesafiri hupewa ya maji njiani. Mwanafunzi hupewa ya daftari, mzee hupewa ya kahawa, kijana anayetafuta kazi hupewa ya nauli au ya vocha. Kila mtu anajua kwamba elfu ishirini hainunui sabuni peke yake, na kwamba hakuna maji ya kunywa ya elfu kumi kati ya hapa na Segera. Jina linafanya kazi mbili kwa mpigo. Linaishusha fedha ili mpokeaji asijione ameinamishwa, kwani nani atakataa sabuni? Na linatangaza bila kutangaza kwamba fedha hii haina marejeo, kwa sababu hakuna anayekopesha sabuni. Mpokeaji akishasikia "ya sabuni" ameondolewa deni kabla hajalibeba.

Ustadi huohuo hupotea ghafla tunapofika kwenye kuazimana. Ndugu akikuandikia tarehe 20 ya mwezi, "Shikamoo kaka, niazime elfu hamsini, tarehe mbili nakurudishia," mara nyingi haombi mkopo. Anaomba apewe, lakini neno "nipe" linamvua nguo, na "niazime" linamsitiri. Kusitiri kwetu ni kufunika mwili na ni kumhifadhi mtu na aibu, na maana hizo mbili hazijawahi kuachana mbali. Anayeombwa naye anajua, au angepaswa kujua, kwamba tarehe mbili haitaleta kitu. Akitoa kwa jina la mkopo anaanza kuhesabu siku, na mwenziwe anaanza kubadilisha njia: hapiti tena mbele ya baraza, haonekani kwenye kahawa baada ya magharibi, simu yake inaita bila kupokewa. Elfu hamsini imekula udugu wa miaka thelathini. Kukopa harusi, kulipa matanga, wanasema, lakini matanga haya hayana hata maiti. Kilichokufa ni mazoea tu.

Mama mmoja muuza samaki wa Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, ambaye huombwa hela kila siku ya Mungu kwa sababu kila mtu anamwona akishika noti zenye magamba, alinifundisha njia yake bila kujua kwamba ananifundisha. Kijana alikuja kumwazima elfu hamsini. Mama aliendelea kukwangua changu wake, kisha akapangusa mikono kwa kanga, akatoa elfu kumi. "Hii si ya kuazima, hii yako. Ya kuazima sina." Kijana aliondoka na elfu kumi yake akiwa amenyooka mgongo, na kesho yake nilimwona palepale akisaidia kubeba ndoo, jambo ambalo asingelifanya kama angekuwa anadaiwa. Mama alipoteza elfu kumi badala ya hamsini na hakupoteza mtu. (Nitaje pembeni kwamba samaki wenyewe ni rahisi zaidi kutolewa kuliko bei yake: aliyesaidia kuvuta chombo ufukweni hupata kitoweo bila kuomba, lakini akiomba thamani ya kitoweo hichohicho kwa noti ataulizwa maswali.)

Hayo hayana maana kwamba mkopo wa kweli uachwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya al-Baqara, inahusu kuandikishana deni na kuweka mashahidi, jambo ambalo wengi wetu huliona ni kutoaminiana. Na hatua mbili kabla yake, aya ya 280, inaagiza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Nimezifikiria sana aya hizo kukaa karibu hivyo. Kuandika na kusamehe tumezoea kuviweka mbalimbali, cha kwanza kikiwa cha watu wa hesabu na cha pili cha watu wa huruma, lakini huwezi kusamehe kitu ambacho hakikuwahi kukubaliwa kuwa deni. Asiyeandika akasema "nimesamehe" mara nyingi hajasamehe chochote, amenyamaza tu, na siku ya hasira atasimanga.

Simu imeongeza tabu yake na uungwana wake. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 na huduma nyingine kufuata, mtu aliyeko Korogwe anaweza kuombwa na mtu aliyeko Dar es Salaam akiwa amelala, na hoja ya "nikipata wa kumpa akuletee" imekufa. Lakini palepale ukazaliwa utaratibu ambao hakuna aliyeutunga: kutuma "na ya kutolea." Anayetuma elfu ishirini akaongeza ada ya wakala ili mpokeaji ashike elfu ishirini kamili ameonyesha kwamba amemfikiria mwenziwe mpaka kwenye dirisha la wakala, asiyeongeza ametuma elfu ishirini na kumpa mtu pungufu. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, ikipanda kulingana na kiasi hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kutoa kukawa ghali ghafla, na nakumbuka watu wakirudi kwenye bahasha za kumpa dereva wa basi. Septemba ya mwaka huohuo tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Katika miezi ile ndipo nilipojua nani kati ya jamaa zangu huhesabu ya kutolea na nani haijui kabisa, na ujuzi huo haukulingana na vipato vyao.

Jina linaweza pia kutumiwa kwa uongo, na mfano wake umewahi kufika mahakamani. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilifanyiwa marekebisho yaliyomruhusu mgombea kutoa vitu kwa nia njema kama ukarimu wa jadi, na kitu hicho kikajulikana kwa neno zuri la takrima, ambalo asili yake ni kumkirimu mgeni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ikafuata mwaka 2007. Kwa maisha ya kila siku ninaona kipimo kimoja kinatosha: mgeni hukirimiwa na mwenye nyumba, na akila anaondoka huru, akila halafu akatakiwa kurudi na kura, saini au faili, huyo hakukirimiwa. "Chai" ya ofisini ni chai ya jina tu, na hata birika halihusiki.

Na kusema hapana? Hapa watu wakarimu ndio wanaoshindwa kuliko wote. Sura ya al-Israa, aya ya 29, inamkataza mtu kuufunga mkono wake shingoni na inamkataza pia kuukunjua wote, asije akabaki mwenye kulaumiwa na kuishiwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Makorora huweka elfu ishirini katika bahasha kila pensheni inapoingia, akaichomeka nyuma ya picha ya ukutani, na hiyo ndiyo fedha ya watu. Ikiisha tarehe tisa imeisha. Akijiwa baada ya hapo hasemi "sina," maana mstaafu akisema hana wiki ya pili ya mwezi hakuna atakayemwamini, husema, "Nilizonazo zina kazi yake, bahasha imelala." Wengine humwona ana majibu makavu. Mimi namwona hamdanganyi mtu, na nimeshuhudia wanaoondoka mikono mitupu kwake wakirudi kumsalimu, tofauti na wale wanaozungushwa kwa ahadi za "pita kesho" mpaka wakachoka.

Nirudi kwa mzee wa baiskeli. Kama miaka miwili baada ya harusi yetu, mjukuu wake alioa, nasi tukakaa kikao cha familia kuangalia tumpelekee nini. Dada akafungua kaunta buku, akapitisha kidole, akalikuta jina: thelathini, baki sifuri. Tukakubaliana kurudisha na nyongeza, tukapata elfu hamsini, nikatumwa mimi. Mzee aliipokea kwa mikono miwili kama inavyopokewa fedha ya heshima, kisha akauliza ni ya nini. Nikamweleza kwa fahari kidogo kwamba sisi hatusahau, kwamba tunarudisha ule mchango wake wa siku ile. Alikaa kimya, akaitazama baiskeli yake iliyoegemezwa kwenye mnazi, halafu akasema, "Kumbe uliniandika." Hakuongeza neno. Alinimiminia kahawa, tukazungumza habari za mvua na bei ya machungwa ya Muheza, nikaaga.

Wiki tatu baadaye mpwa wangu alijifungua mtoto wa kiume pale hospitali ya Bombo. Siku aliyorudi nyumbani simu yake ilipokea shilingi elfu hamsini na nyongeza yenye tarakimu zisizolingana, na nyuma yake ujumbe mfupi kutoka namba ya mzee, ulioandikwa bila shaka na mmoja wa wajukuu: "Ya sabuni ya mtoto. Na ya kutolea imo." Jioni dada alinipigia kuuliza hii tuiandike ukurasa gani. Nilimwambia kaunta buku imejaa, ingawa zilikuwa zimebaki kurasa kama ishirini.